Waliolima grinihausi nyanda za juu, baridi ya Julai iliwafanya nini? Tupeane uzoefu

Mche wa Tatu
Wakuu, habari za jioni. Leo asubuhi nimefungua kitalu nyumba changu hapa Njombe nikakuta matone yananing'inia paa zima, kila nikipita yananidondokea shingoni. Nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza. Nilijua ukishafunika plastiki, baridi umeiacha nje. Ilikuwa ile ya mita 8 kwa 15, miche ya nyanya kama 500, maua kibao, nikaanza kuhesabu kreti kichwani. Mwisho wa Julai nafagia maua chini kama nafagia ukumbi baada ya harusi. Yaliyowakuta mwageni hapa, tusiogope kuchekwa.

Binti Makambako
Kuhesabu kreti kichwani 😂 umenigusa kidonda.

Fundi Dripu
Mkuu, usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi, chavua ya nyanya inakuwa dhaifu na ua linadondoka. Linalobaki linatoa tunda lenye makovu kitakoni, kama limeshonwa kwa sindano ya magunia. Na plastiki ya kawaida haishiki joto usiku. Mbingu ikiwa safi, joto linapita juu linakwenda zake. Mimi naweka kipimajoto ndani na nje. Kuna alfajiri ndani palisoma 4, nje 5.

Gachoka wa Kinangop
Wacha! Mimi yangu iliposoma hivyo nilidhani kipimo kimeharibika. Nikakirudisha dukani, tukafokeana na mwenye duka karibu tushikane mashati. Sasa nitampitia wapi?

Shemeji wa Lushoto
Kwangu ni hoho. Zilizaa, tena nyingi, ila vidogo, bapa kama vifungo vya koti, na ukipasua ndani hamna mbegu. Mke wangu alizipika zote bila kusema neno. Hiyo ndiyo iliniuma.

Kijana wa Igeri
Miche yangu ya wiki tatu majani yaligeuka zambarau kwa chini. Jirani akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepanda ile kitu.

Pilipili Kichaa
Hiyo sio nyanya mkuu. Kimbia kabla difenda haijafika.

Mbongo wa Maseru
Mnacheka, lakini hata ile kitu hufanya vilevile. Niko Lesotho, huku bangi ya dawa inalimwa kwa leseni tangu 2017, na nimepiga kibarua kwenye grinihausi zao. Nchi yote hii iko juu ya mita 1,000, Juni na Julai milimani theluji. Usiku wa baridi jani linapiga zambarau, wageni wanadhani ndiyo ubora wenyewe. Msimamizi wetu alikuwa hababaiki na rangi, alikuwa anapita asubuhi anapasua maua. Yale maua yameshikana, unyevu ukilala humo ukungu wa kijivu unayaozesha kuanzia ndani, nje unaona ua zuri tu. Tulikuwa tunajaza mifuko ya kwenda kuchoma. Kwa miche ya nyanya, zambarau mara nyingi ni udongo kuwa wa baridi. Mizizi inashindwa kunyonya fosforasi hata kama umeimwaga.

Kijana wa Igeri
Na mimi nikaongeza mbolea ya DAP, ya fosforasi, mara mbili. Nacheka nisilie.

Pilipili Kichaa
Tumefungua uzi wa nyanya, sasa tunafundishwa bangi. Wasimamizi wa jukwaa mpo?

Mbongo wa Maseru
Soma uelewe. Nimesema leseni. Hapo nyumbani ukiilima unafungwa, nani kakwambia ulime?

Mama Kreti
Nilikuwa nasoma kimyakimya, ila acha niseme. Julai ile jalidi ilipiga viazi vya jirani vikawa vyeusi kama vimemwagiwa maji ya moto. Nyanya zangu ziko shada la pili. Nikasema mimi sikubali. Nikaingiza majiko matatu ya mkaa, nikashusha mapazia yote, nyufa nikaziba kwa magunia. Mtoto wa dada yangu aliyekuwa ananisaidia kazi akasema atalala humohumo alinde moto. Nikampa blanketi na chupa ya chai.

Saa kumi na moja alfajiri nikaenda. Naita, kimya. Nafungua mlango, joto likanipiga usoni, joto tamu kabisa. Nikamwona ameegemea pipa, macho nusu wazi, ametapikia blanketi. Nilimburuta kwa miguu, kofia yake ikabaki tuta la nne. Nje majani yamekauka kwa barafu, nikamlaza hapohapo kwenye ile baridi niliyokuwa naikimbia. Kufika hospitali wakamwekea oksijeni. Daktari akauliza, mama, palikuwa na upenyo wowote? Sikumjibu. Siku ya tatu akaomba ugali, ndipo nikalia.

Nyanya? Majani yalijikunja kuelekea chini, maua yakadondoka yote. Baridi yenyewe isingeniadhibu hivyo.

Binti Makambako
Mungu wangu. Pole sana mama.

Mzee wa Uwemba
Poleni. Ila msitishane, mimi naweka jiko mwaka wa sita huu na niko hai.

Fundi Dripu
Uko hai kwa sababu plastiki yako imechanika mzee, picha uliziweka mwenyewe hapa. Gesi ya mkaa huo yenye sumu, kaboni monoksaidi, haionekani wala hainuki. Tena mkaa unatoa ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi, ndiyo iliyokunja majani ya Mama Kreti.

Mzee wa Uwemba
Nitashona plastiki, na jiko nitaweka.

Shemeji wa Lushoto
Mzee!! 🙌

Mche wa Tatu
Mimi siku hizi naweka mapipa meusi ya maji katikati ya matuta. Mchana yanakunywa jua, usiku yanarudisha. Na maji ya dripu nafungulia saa nne asubuhi, sio jioni. Saa tatu napandisha mapazia unyevu utoke.

Gachoka wa Kinangop
Mimi ninafunga mpaka saa sita, joto lisitoroke.

Fundi Dripu
Ndiyo maana kila mwaka unalia na bakajani, ugonjwa wa majani unaopenda unyevu.

Pilipili Kichaa
Dawa ni kupanda Agosti. Julai kaa kwenye moto na ulanzi.

Kijana wa Igeri
Mama Kreti, yule kijana yuko wapi sasa?

Mama Kreti
Yuko Dar, jasho linamtoka na anashukuru. Nikimpigia mwezi wa saba ananiuliza kwanza, majiko umeyaficha wapi.

Binti Makambako
Mche wa Tatu, yale mapipa ni ya lita 200? Makambako nimeyaona, ila yalikuwa ya mafuta, sijui yanafaa.