Mjadala: Maharage yenye kinga nusu dhidi ya batobato, tuyapande au tuyakatae?

MLETA HOJA (Tengeru): Wakuu, msimamo wangu ni kwamba aina ya maharage yenye jeni ya kinga moja tu isiletwe kwa mkulima wa huku. Isubiri ikamilike.

Batobato ya maharage, ugonjwa wa virusi unaoweka mabaka kwenye majani, hukaa ndani ya mbegu. Unavuna, unatenga debe la mbegu, msimu ujao unaupanda ugonjwa kwa mkono wako, kisha vidukari wanautawanya. Dawa ya kuutibu mmea haipo. Watafiti wakapata jeni (chembe ya urithi) ya kinga iitwayo I, na kwa virusi vya batobato ya kawaida inatosha kwa kiasi kikubwa. Shida ni virusi ndugu, vile vinavyounguza, ambavyo vimeenea Afrika Mashariki. Vikiingia kwenye mmea wenye I peke yake, mishipa inaungua, mzizi unakuwa mweusi, mmea unakufa. Maharage ya kienyeji yasiyo na jeni hiyo yakiugua hujikunja majani, lakini kisado cha mboga hukosi.

MCHANGIAJI (Moshi): Mkuu, mmea uliokufa haubebi virusi kwenda msimu ujao. Hayo ya kienyeji unayoyatetea ndiyo ghala lenyewe: yanaugua, yanaishi, yanazaa mbegu zenye ugonjwa, na vidukari wanatoka shambani kwako kuja kwangu.

MLETA HOJA: Hapo umenibana, nakiri. Ila anayelipia usafi huo ni nani? Ni yule aliyenunua mbegu mpya! Jirani yake aliyepanda ya akiba anavuna.

MCHANGIAJI (mwanafunzi wa uzalishaji mimea, Arusha): Shikamooni. Kinga inayoziba pengo hilo ipo, ni jeni bc-3 ikiunganishwa na I. Lakini ni jeni fiche: mmea lazima uirithi kutoka pande zote mbili, kwa hiyo kazi inakwenda polepole. Halafu I imekaa jirani sana na jeni ya rangi ya punje, hivyo kupata maharage mekundu yenye madoadoa, aina ya Lyamungu, pamoja na kinga hiyo ni mtihani. Watafiti wa vituo vya kilimo vya Selian na Lyamungo hawajalala.

MCHANGIAJI (Kiboriloni): Rangi msiidharau, jamani. Mteja akiona punje asiyoijua anapita. Mkileta kinga yenye rangi mbaya, mtaipanda wenyewe.

MCHANGIAJI (Moshi): Basi tusisubiri. Walio na I wapande, ila kijiji kizima kwa pamoja, na wanaopanda ya kienyeji wang'oe miche yenye mabaka mapema, kabla vidukari hawajaongezeka.

MLETA HOJA: Kijiji kizima? Sisi hata siku ya kusafisha mfereji tunatafutana. Ninachoweza kukubali ni hiki: anayeuza mbegu yenye I peke yake amwambie mnunuzi waziwazi kwamba karibu na maharage ya kienyeji inaweza kufa mzizi mweusi. Akishajua, aamue mwenyewe. Wangapi wataendelea kununua?