Mrejesho: gari lililosoma -40 Malindi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini dashibodi inaonyesha nyuzi -40 na AC haitoi baridi, huku jua la Malindi linachoma. Mliosema tuanze na sensa ya joto la nje, yaani kile kifaa kinachopima joto nje ya gari, ahsanteni. Fundi wa umeme alifungua bampa ya mbele, akachomoa soketi ya sensa: pini moja imeliwa, imejaa kutu ya kijani. Chumvi ya bahari hii! Sensa akaipima kwa mita; ukiishika kiganjani ikapata joto, omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zinashuka, kwa hiyo ni nzima. Kumbe umeme haukupita kwenye soketi, kompyuta ya gari ikadhani tuko kwenye barafu, ikazuia kompresa, ile pampu ya gesi ya AC, isiwake. Kaweka soketi mpya na grisi kidogo. Sasa inasoma 31, AC inapuliza baridi. Na wewe uliyeniambia ninunue kompresa, pole ndugu yangu, hela bado ninayo.