Tupeane uzoefu: uliamuaje chuo cha kuomba mapema Marekani?

BintiUpanga (mwanzisha mada)

Wadau, habari za jioni. Novemba 1 hiyoo inakuja. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita mwezi Mei mwaka huu wa 2024, kaenda JKT, karudi, na sasa kila jioni tunabishana chuo kipi apeleke ombi la mapema. Mada za "nipeni orodha ya vyuo vya bure" zimejaa, hii si mojawapo. Naomba waliopita njia hii, au waliompitisha mtoto, mdogo au mwanafunzi, waeleze walivyoamua: kwa nini chuo hiki na si kile, na uamuzi ule uliwafikisha wapi.

Kwa ambaye mambo haya ni mageni kwake: ED (Early Decision) ni ombi la kujifunga. Unaomba chuo kimoja tu kwa njia hiyo, wakikuchukua unakwenda na maombi mengine yote unayaondoa. EA (Early Action) haikufungi. Halafu kuna ile ya Harvard, Yale, Princeton na Stanford, haikufungi lakini inakukataza kuomba mapema vyuo vingine binafsi vya Marekani. Majibu mengi hutoka Desemba, hasa katikati ya mwezi, ila vyuo vingine vya EA hutoa baadaye. Baadhi ya vyuo vina ED ya pili, mwisho mwanzoni mwa Januari, majibu Februari.

Naanza mwenyewe. Niliomba mwaka 2017. Mama anauza vitenge Kariakoo, baba alishastaafu, kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa pesa na la pili lilikuwa pesa. Nilichukua daftari, nikaandika kila chuo nilichokipenda, nikapiga mistari ya safu tatu. Safu ya kwanza: je, wanaangalia uwezo wa mzazi wanapoamua kumchukua mwanafunzi wa nje? Ya pili: wakinichukua, wanaziba pengo lote la ada na malazi au wanachangia tu? Ya tatu: ombi lao la mapema linafunga au halifungi? Majina makubwa mengi yalifutika pale pale kwenye safu mbili za mwanzo. Wakati ule visivyoangalia uwezo wa mzazi kwa mtu wa nje vilikuwa Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst. Leo Dartmouth na Bowdoin wameshajiunga, na Brown wanaanza na msimu huu.

Niliomba Amherst kwa ED. Princeton niliipenda kwa sifa zake, Amherst niliipenda kwa namna wanavyosoma: madarasa madogo, hakuna masomo ya lazima kwa kila mtu zaidi ya semina moja ya mwaka wa kwanza, na unaruhusiwa kuchukua masomo kwenye vyuo jirani. Nilijua wakinichukua sitakuwa na cha kulinganisha, na nilijua pia kwamba sera yao inaziba pengo lote. Kujifunga hakukunitisha. Walinichukua, na nilipewa nilichohitaji mpaka nauli.

Karibuni.

MwalimuTanga

Ahsante dada kwa mada. Mimi nafundisha fizikia A-level, na kwa kuwa shule zetu nyingi hazina mshauri wa mambo ya vyuo vya nje, kazi hiyo imeniangukia.

Watoto wengi husahau kwamba ombi la ED lina sahihi tatu: ya mwanafunzi, ya mzazi na ya mshauri wa shule. Kwetu mshauri ni mkuu wa shule. Mwaka mmoja nilimpelekea mkuu ile fomu, akaisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Mwalimu, mtoto asipokwenda, shule inashtakiwa?" Alidhani ni mkataba wa kisheria. Nikamweleza kwamba ni ahadi ya uaminifu: shule inathibitisha kuwa mtoto na mzazi wameelewa masharti, na haitatuma nyaraka zake kwingine kwa njia hiyo hiyo. Bado akataka kuzungumza na mzazi kwanza. Mzazi akasafiri kutoka Lushoto, tukakaa ofisini watatu, nikawatafsiria sharti moja moja. Sasa hivi kikao hicho nakifanya kila mwaka mwezi Septemba, kabla mtoto hajachagua chuo. Mzazi akishaelewa kwamba ED maana yake hakuna kulinganisha vyuo Aprili, mara nyingi yeye ndiye anayeuliza maswali mazuri kuliko sisi wote.

Jingine ni kalenda. Mtoto wetu wa kidato cha sita anafanya mtihani Mei, matokeo ya NECTA yanatoka Julai. Ikifika Novemba ana matokeo kamili mkononi, wakati wenzake wa kule bado wanasoma. Hiyo ni nguvu, itumieni. Kinachobana ni SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, maana miezi ya JKT inakula muda wa maandalizi. MIT, Dartmouth, Brown na Harvard wanataka mtihani msimu huu, Yale wanakubali SAT, ACT, AP au IB. Mtihani wa Oktoba kwa kawaida ndio wa mwisho ulio salama kwa ombi la Novemba 1. Kama mtoto hakuwahi kufanya wa Agosti na wa Oktoba hayuko tayari, namwambia aachane na haraka, aombe kwa njia ya kawaida Januari akiwa na alama nzuri.

Mkale_Eldoret

Shikamoo mwalimu. Huku Kenya hali ni kinyume. KCSE iko Oktoba na Novemba, yaani tarehe ya ombi la mapema inakukuta katikati ya karatasi za mtihani. Ndiyo maana wengi wetu huomba mwaka unaofuata, baada ya matokeo. KenSAP, iliyoanza 2004 pale Iten, imejengwa juu ya utaratibu huo: wanachukua waliofanya vizuri KCSE, wanawaandaa kwa SAT na insha, ndipo waombe.

Nataka kuongea kuhusu hizi asilimia ambazo watu husambaziana. Mnaona Harvard kwa darasa lililoingia mwaka huu walichukua mapema 692 kati ya 7,921, karibu asilimia 9, na kwa jumla 1,937 kati ya 54,008, asilimia 3.6. Mtu anasema basi, mapema ni rahisi mara mbili. Hapana. Ndani ya wale wa mapema kuna wanamichezo ambao makocha wameshawataka, kuna watoto wa waliosoma hapo, kuna waliotoka shule ambazo zimewaandaa tangu wakiwa wadogo. Toa hao, halafu uangalie nafasi ya kijana wa Baringo asiye na lolote kati ya hayo. Harvard na Princeton wenyewe walifuta maombi ya mapema mwaka 2006 wakisema yanawapendelea walio nacho, kisha wakayarudisha 2011.

Niliomba MIT mapema kwa sababu haifungi na haizuii kuomba kwingine. Wakanisogeza kwenye kundi la kawaida, Machi wakanikataa. Sikupoteza chochote, kwa sababu ombi lile halikuwa limenifungia mlango. Nikapata chuo kwa njia ya kawaida na ufadhili kamili. Kwa hiyo kwangu swali si "wapi nina nafasi kubwa" tu. Ni "nikikataliwa hapa Desemba, nimebakiwa na nini?"

Pemba_Muscat

Assalaam alaykum. Sisi tuko Muscat, wazee wetu wa Wete. Hapa nyumbani bibi hakutaka hata kusikia habari ya Marekani. Ndipo nikaiangalia NYU Abu Dhabi, tawi la Chuo Kikuu cha New York lililoko Emirati, ambayo nayo ina ED, Novemba 1 kama wengine. Kilichonivuta ni kwamba baadhi ya waombaji huitwa kwenye siku zao za wateule: unakwenda, unalala pale, unahudhuria darasa, unahojiwa, kisha wanaamua. Kwa ombi la kujifunga hiyo ni nafasi kubwa sana, maana unaahidi kwenda mahali ulipopaona kwa macho yako. Na kutoka Muscat ni basi tu. Bibi alikuja kunitembelea mwaka wa kwanza, akakaa na wenzangu wa Mombasa na Kampala wakimpigia Kiswahili, akaondoka ametulia.

Kijana_Mwanza

Mimi nitasema la upande wa pili. Jina la chuo nalihifadhi. Ni chuo kidogo kizuri, kinachoangalia uwezo wa mzazi kwa mtu wa nje lakini kinasema kikikuchukua kinaziba pengo lote. Niliomba ED, Desemba nikachukuliwa, nyumbani tukachinja mbuzi. Barua ya msaada ikaja siku mbili baadaye. Kiasi walichotaka familia ichange kwa mwaka kilizidi kipato cha baba cha mwaka mzima.

Wengi hawajui kwamba sababu ya pesa inakutoa kwenye kifungo cha ED, na ni halali kabisa. Niliwaandikia ofisi ya msaada, nikaambatanisha taarifa ya benki ya baba, barua ya daktari wa mama, na maelezo ya wadogo zangu wanaolipiwa ada shule. Wakapunguza, bado tukawa hatufiki. Nikaomba kuachiliwa, wakaniachilia kwa heshima. Lakini Krismasi ilikuwa inagonga hodi na maombi ya kawaida yanafungwa mwanzoni mwa Januari. Kilichoniokoa ni kaka yangu aliyenilazimisha kumaliza insha za vyuo vingine vyote kabla ya Desemba, akasema majibu yakiwa mazuri tutazifuta. Zilikuwa tayari, nikazituma, nikapata Macalester. "Kuziba pengo lote" maana yake ni pengo wanalolikokotoa wao. Kabla hujajifunga, muandikie mtu wa msaada wa wanafunzi wa nje, mpe hali yako kwa namba, uulize. Wanajibu.

BintiUpanga

Kijana_Mwanza, pole, na ahsante kwa kulisema wazi. Jioni hii hii namsomea mdogo wangu.

Niongeze kitu kwa wanaoiota Stanford: ukiiweka pamoja na Harvard, Yale na Princeton kwa sababu masharti ya mapema yanafanana, kumbuka kwamba kwa mwanafunzi wa nje anayehitaji msaada Stanford wanaangalia uwezo. Hao wengine watatu hawaangalii. Kwa familia kama yetu tofauti hiyo ni kubwa kuliko nafasi za kwenye orodha za ubora. Na anayetaka Oxford au Cambridge pia, anaruhusiwa, sharti la vyuo hivyo vinne halihusu vyuo vya nje ya Marekani. Ila mwisho ni Oktoba 15.

MamaMbagala

Mimi sikusoma huko, mwanangu ndiye anasoma. Naomba niseme kuhusu zile karatasi, kwa sababu ndizo zilizotuamulia chuo.

Kuna fomu ya kuombea msaada wa fedha inaitwa CSS Profile. Inauliza mapato, thamani ya nyumba, gari, akiba. Mimi nina genge na mume wangu ni fundi seremala, hatuna karatasi ya mshahara wala ritani ya kodi. Mwanangu alitaka kukata tamaa. Tukaenda serikali ya mtaa, mwenyekiti akatuandikia barua yenye muhuri kwamba shughuli zetu ni hizi na kipato kinakadiriwa kiasi hiki kwa mwezi. Nikachukua daftari langu la mauzo, lile la kawaida lenye mafuta ya kupikia kwenye kurasa, mwanangu akalipiga picha, akatafsiri Kiingereza mstari kwa mstari: nyanya, vitunguu, mkaa, kodi ya meza. Akaandika emaili kwa vyuo vinne, akauliza kama wanakubali nyaraka za namna hii kwa ombi la mapema. Viwili vikajibu kwa maneno ya jumla. Kimoja hakikujibu. Cha nne akajibu mtu, kwa jina lake, akasema tumeona nyaraka kama hizi, tuma, na akatoa namba ya kusamehewa ada ya fomu. Mwanangu akasema mama, naomba hapa. Bowdoin hiyo. Ndiko aliko.

Chipukizi_Bukoba

Mama, shikamoo. Chuo ninachotaka kuomba kwa ED wanataka CSS Profile na sina dola za kulipia. Nifanyeje na siku zimebaki chache?

MamaMbagala

Marahaba mwanangu. Waandikie leo ofisi ya msaada, uombe mambo mawili: namba ya msamaha kwa mwanafunzi wa nje, au ruhusa ya kutumia fomu nyingine inayoitwa ISFAA, hiyo ni ya bure na vyuo vingine wanaikubali. Weka jina lako kamili na namba ya maombi yako. Barua ya serikali ya mtaa ifuate kesho asubuhi, mwenyekiti akiwa hayupo muone mtendaji.

MwalimuTanga

Na wakishakujibu, nitumie ujumbe. Mkuu wako wa shule akisita kutia sahihi, nitampigia mimi.