Siku 9 za Desemba: Moshi, Lushoto, Tanga, Pangani na bibi wa miaka 71. Nikate wapi?

MamaWatatu_Majengo
Habari za jioni wadau. Nisaidieni kabla ratiba ya likizo haijaleta kesi ya ndoa.

Tuko Moshi, Majengo. Mwaka huu tumeamua kwenda kinyume na Wachagga wote: wenzetu wakipanda kuja nyumbani kwa Krismasi, kule tunakoita kuhesabiwa, sisi tunashuka. Tunatoka tarehe 11 Desemba, na tarehe 19 jioni lazima tuwe nyumbani, maana mbuzi wa Krismasi anasubiri Kibosho.

Msafara ni watu sita: mimi, baba watoto ambaye ndiye dereva, watoto watatu (13, 9 na 4), na mama yangu mzazi. Mama ana miaka 71. Amefika Arusha, Singida na Dodoma kwa safari za kwaya, lakini bahari hajaiona. Nilipomuuliza anataka nini kwenye safari hii akasema, "Nataka kuona hayo maji yasiyo na ng'ambo." Basi. Magoti yanamsumbua, ngazi hapandi.

Gari ni Noah yetu wenyewe. Bajeti 1,800,000, mafuta humo humo.

Sasa tatizo. Baba watoto ameandika ratiba nyuma ya bahasha: siku ya kwanza hifadhi ya Mkomazi, halafu Lushoto, Tanga, mapango ya Amboni, Pangani, hifadhi ya Saadani, Bagamoyo, Zanzibar, rudi. Hata karani wa sensa hapiti milango mingi hivyo! Zanzibar tulienda mwaka juzi, mtoto wa kati akatapika boti nzima, na sehemu kubwa ilinifikia mimi mapajani. Nikimkumbusha ananiambia safari hii bahari itakuwa imetulia. Nani amemwambia?

Naomba kujua nikate wapi, Noah inapanda Lushoto bila shida, na kile kisiwa cha Maziwe, huko Pangani, mtu wa magoti anakiweza?

SukaMstaafu
Shikamoo kwa mama hapo. Nimeendesha njia hiyo miaka mingi, basi na baadaye gari dogo.

Noah inapanda Lushoto vizuri kabisa. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, lami mwanzo mwisho, kona ndizo nyingi. Kazi iko kwenye kushuka. Mimi niliwahi kushuka na familia nikipiga stori, mguu haubanduki kwenye breki. Tulipofika Soni wife akauliza nani anachoma mpira. Nilisimama nusu saa, magurudumu hayashikiki. Mwambie shemeji azime ovadraivu, aweke gia ndogo, injini ndiyo ishike gari. Na pale Soni msimame tu hata kama hakunuki kitu: kuna maporomoko, watoto wanyooshe miguu.

Njia kuu, kuanzia Same, Makanya, Hedaru mpaka Mombo, heshimu vibao vya 50. Trafiki na tochi zao za kupima mwendo wanakaa chini ya miti kama wauza maembe. Faini ni 30,000 kwa kosa, na baba mwenye ratiba ya bahasha lazima atakuwa anakimbizana na saa.

Kingine: msirudi usiku. Wiki hiyo magari ya Dar yanaanza kupanda, na kila mtu anataka awe wa kwanza kufika kijijini.

KijanaWaJiji
Zanzibar muhimu bana, huko kwingine ni vijijini tu.

MpareMilimani
@KijanaWaJiji sisi wa vijijini tumekusikia.

Dada, Mkomazi msiiondoe harakaharaka. Geti la Zange liko jirani tu na mji wa Same, na Same ni kama kilomita 100 kutoka hapo Moshi. Vifaru weusi wapo kwenye eneo lao maalumu. Ila kwa gari la chini na mvua za vuli, hapana. Nenda siku nyingine na watoto peke yao. Mkipita Same nunueni tangawizi ya milimani, bibi ataipenda kwenye chai kule Lushoto, maana hata Desemba jioni kuna ubaridi.

Lushoto lalani kwenye hosteli za misheni, bei ni ya watu wenye akili. Irente, kwenye ule ukingo wa mlima, mwende asubuhi kabla ukungu haujapanda: unasimama ukingoni na tambarare yote ya Mazinde iko chini ya vidole vyako vya miguu. Mtoto wa miaka minne ashikwe mkono, sio aambiwe. Pale shambani Irente wanatengeneza jibini na mkate wa rai, chukueni wa njiani.

MwanaPangani
Nimechelewa kuiona hii. Mie ni mtu wa huku, ng'ambo ya Bweni, nimekaa kwenye mashua tangu sijavaa suruali.

Mama, mmeanza kupanga kwa ramani. Pangeni kwa mwezi. Maziwe ni fungu la mchanga tu, halina hata mti wa kusingizia. Zamani ilikuwa na mivinje, bahari ikaila yote. Maji yakijaa fungu linamezwa, kwa hiyo kwenda kwake ni wakati wa kupwa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndiyo bamvua: maji yanapwa sana, na kupwa kwenyewe huku kwetu kunaangukia mnamo saa nne asubuhi. Hapo ndipo pazuri, mnatoka saa mbili, mnakaa kwenye mchanga, mnarudi jua halijawaunguza. Kila siku inayofuata kupwa kunasogea kama dakika 50. Baada ya wiki ni maji mafu, kupwa kunakuja alasiri kunakoelekea jioni, na mchanga wenyewe unatoka kidogo. Sasa chukua kalenda, tafuta bamvua iko siku gani kati ya tarehe 11 na 19, hiyo ndiyo siku yenu ya Pangani. Lushoto na Tanga zijipange kuizunguka hiyo, milima haina kujaa na kupwa.

Shemeji kuhusu bahari kutulia hajakosea sana. Desemba upepo wa kusi umeshakwisha, ila wa kaskazi nao una siku zake. Muulize nahodha asubuhi ileile. Akisita, msimbembeleze.

Kuhusu magoti: mashua haigusi mchanga mkavu, mnashuka majini na kutembea. Viatu ni raba kuukuu, kandambili zinachomoka. Wazee tunawabeba kwenye kiti cha plastiki, vijana wawili huku na wawili huku, anashuka kama bibi harusi. Lakini nikwambie kweli, mama yako kuona maji yasiyo na ng'ambo hahitaji Maziwe. Laleni Ushongo, ufukweni kusini mwa Pangani, mwekeeni kiti nje saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Jua linatoka baharini mbele yake. Maziwe ni ya watoto; ana kiingilio chake vilevile, ni hifadhi ya bahari tangu 1975.

Amboni mpelekeni huyo wa 13 na wa 9 na baba yao. Mle ndani giza, popo, na pengine mnainama mpaka mnatambaa. Bibi abaki Tanga mjini anywe chai kwa kachori. Mkitoka Tanga kuja Pangani, Tongoni iko njiani: makaburi ya zamani kama 40 na msikiti uliobomoka, hakuna ngazi, nusu saa inatosha.

Saadani na Bagamoyo futeni. Udongo mweusi wa kule ukinyeshewa, Noah yenu itakuwa kivutio cha wanyama.

Ulizeni mkifika kama mnavuka mto Pangani kwa pantoni. Chandarua mje nacho, watoto wa Moshi mbu wa huku wanawajua kwa harufu. Na gari lisilale chini ya mnazi, hata mkiambiwa pana kivuli.

SukaMstaafu
Hilo la mnazi ni kweli, nina boneti ya ushahidi.

MamaWatatu_Majengo
Jamani asanteni, nimemsomea baba watoto kwa sauti. Zanzibar, Bagamoyo na Saadani zimefutwa, kazifuta mwenyewe kwa kalamu nyekundu baada ya ile habari ya udongo mweusi. Mkomazi amegoma, anasema atapitia getini "kuuliza bei tu". Namjua.

Tumekaa na kalenda ya parokia ukutani, ina alama za mwezi. Inaonekana tutaanzia Pangani kwanza, Lushoto wakati wa kurudi, yaani bahasha imegeuzwa miguu juu. Siku nne Ushongo, mbili Tanga, mbili Lushoto, na moja ya kupotea.

Mama amesikia yote. Ameshaanza kufunga ndizi mshare za kupeleka pwani, nimemwambia kule zipo, anasema hizo sio ndizi. @MwanaPangani, hicho kiti cha plastiki anauliza kama kina mahali pa kushika.