Cheche kubwa kwenye gari la zamani la barabarani: inafaa kulipia au ni kutupa hela?

Mleta mada, Shangani, Mtwara

Wakuu, naleta hili kwa sababu naona vijana wetu wanatoa hela nyingi kwa kitu kisichogusa tatizo lao. Magari ya petroli ya kabureta huku kwetu hayajaisha: Land Rover 109, pick-up za Peugeot 504, Datsun za mzee wa fulani zilizolala uani miaka. Sasa kuna wanaozifufua, wanachonga silinda, wanabadili kabureta, wanatafuta mwendo. Kila anayefika hapo anaambiwa atoe pointi (vile vidude vinavyofunga na kukata umeme wa koili) kwenye distributa (inayogawa cheche kwa kila plagi), aweke boksi la elektroniki na koili (inayokuza umeme wa betri) ya volti 40,000, gari litapata nguvu na mafuta yatapungua. Kwa gari la barabarani mimi nakataa.

Mambo haya yametoka kwa Wamarekani wa hot rod, yaani magari ya kawaida yaliyochongwa kwa ajili ya mwendo. Miaka ya 1930 kusini mwa California vijana walichukua Ford za bei ndogo, wakazivua kila kizito na kuzikimbiza kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Huko cheche inakuwa tatizo kweli. Injini ya V8, yenye silinda nane, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inadai cheche 400 kila sekunde. Kati ya cheche na cheche kuna milisekunde 2.5, na pointi zinafungana, yaani koili inajaa umeme, kwa sehemu tu ya muda huo. Koili haiwahi kujaa, cheche inadhoofika, injini inaanza kumisi. Boksi pale lina kazi yake.

Sasa weka silinda nne barabara ya Masasi, mizunguko 3,000. Ni cheche 100 kwa sekunde, yaani milisekunde 10 kila moja, na pointi zilizopimwa vizuri zinafungana karibu theluthi mbili ya muda huo. Koili imejaa na muda umebaki. Unaongeza nini hapo?

Halafu hizo volti 40,000. Koili haitoi volti zote zilizoandikwa kwenye pakiti yake. Inapanda mpaka pale hewa ya kwenye mwanya wa plagi inapovunjika, basi, cheche inaruka. Kama plagi yako inaruka kwa volti 12,000, koili ya 20,000 na ya 40,000 zote zitaishia hapo hapo. Na mchanganyiko wa mafuta na hewa ukishawaka, umewaka. Cheche nene haiuwashi mara mbili.

Fundi, Mikindani

Mkuu, hesabu zako sizikatai, ila unajibu swali ambalo wateja wangu hawaniulizi. Anayekuja kwangu hasemi "nataka mizunguko 6,000". Anasema asubuhi gari haliwaki, sailensa (mngurumo wa injini gari likiwa limesimama) haitulii, na pointi alizofungiwa juzi zimeshaungua.

Pointi zina kile kisigino kinachosuguana na kamu inayozifungua. Kinalika. Kikilika mwanya unapungua, na taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, inarudi nyuma polepole, dereva hajui. Anaona tu gari limekuwa zito na linachemka mlimani. Na vipuri vya siku hizi mkuu, tuseme ukweli: kondensa (kikopo kinachozuia pointi zisiungue) mpya kabisa unaifunga, injini ikipata moto inakufa. Zamani kondensa ulikuwa unaisahau.

Mimi nafunga ile moduli ndogo yenye sensa ya sumaku, inakaa ndani ya distributa ile ile, chini ya kofia ile ile. Hakuna kinachosuguana. Taimingi ukiiweka leo, baada ya masika utaikuta hapo hapo. Viwanda vyenyewe viliacha pointi: Chrysler walikuwa wamehama kwa magari yao yote ya 1973, General Motors 1975. Unataka kuniambia wale wote walitupa hela?

Dereva, Newala

Shikamooni wakubwa. Mimi nabeba korosho na abiria, naongea kama mtu wa njiani. Pointi zikinisumbua nasimama, nafungua kofia, napitisha kipande cha msasa, napima mwanya kwa fila, kama sina naomba hata karatasi ngumu, nafika. Moduli ilinifia upande wa Tandahimba wakati wa msimu. Haikunipa dalili yoyote. Gari lilizima na likagoma. Mzigo ukahamishiwa gari la mwingine, mimi nikavutwa kwa kamba mpaka mjini. Fundi, nakuheshimu, lakini usiku ule ningekuwa na pointi ningelala kwangu.

Mwenye duka la spea, Lindi mjini

Kaka wa Newala pole sana. Lakini tuangalie na bodaboda. Pikipiki zinazoingia mchanga wa Msimbati kila siku zinatumia CDI, kile kiboksi cha elektroniki cha cheche, na husikii mtu akililia pointi. Ikifa, anaingia duka lolote, iwe Lindi, Mingoyo au Masasi, ananunua nyingine, anachomeka, anaondoka. Kwa hiyo suala ni spea iko wapi. CDI ya bodaboda ninayo rafuni wakati wote. Moduli ya distributa ya Land Rover naagiza Dar, na mteja anasubiri.

Jingine, mnaouziwa koili: ulizeni upinzani wake. Kuna zile za omu 1.5 zilizotengenezwa kufanya kazi na rezista kwenye waya wa moto. Mtu ananunua kwa kuwa ni nyekundu na imeandikwa maneno makubwa, anaifunga moja kwa moja kwenye pointi. Injini ikiwa inazunguka hapo pointi zinakata ampea 8 au 9, wakati zinapenda 4 hivi. Zinaungua haraka, anarudi kunilaumu mimi.

Mleta mada

Asante dada, hilo la omu liandikwe ukutani.

Fundi, kuhusu viwanda: hawakuhama kwa ajili ya nguvu. Sheria za moshi za Marekani ziliwabana, wakatakiwa magari yabaki ndani ya kiwango kwa maili 50,000, na pointi zinazolika haziwezi kuahidi hivyo. Kwa hiyo hoja yako ya matunzo naipokea yote. Ninachopinga ni mteja kuambiwa ananunua nguvu.

Nguvu iliyopotea kwenye gari la zamani mara nyingi imo kwenye taimingi yenyewe. Fungueni distributa mtazame chini ya bati la pointi. Kuna vyuma viwili vya uzito vyenye springi, vinavyofunguka mwendo ukipanda ili cheche iwahi zaidi. Magari yaliyokaa karibu na bahari kama yetu, vyuma hivyo nimevikuta vimeganda kwa kutu na grisi iliyokauka. Springi moja imelegea au haipo. Kile kikombe cha vakyumu, kinachotumia mvuto wa injini kuiwahisha cheche, utando wake umepasuka, ukinyonya mrija kwa mdomo hewa inapita tu. Gari kama hilo hata ulifungie mfumo wa gharama gani litakuwa zito, kwa sababu cheche nzuri inafika kwa wakati usio wake. Wamarekani wenyewe wanalijua hili: kwenye V8 ndogo za Chevrolet wanahangaika kwanza na springi na vyuma mpaka jumla ya kuiwahisha cheche ifike digrii 34 au 36, ndipo wazungumze boksi. Na lile boksi maarufu la kampuni ya MSD la cheche nyingi, zile cheche za ziada zinatoka chini ya mizunguko 3,000 tu. Juu ya hapo ni moja kama kawaida.

Jaribu na hili. Usiku wa mvua, washa gari, fungua boneti, zima taa zote. Kama waya za plagi zimechoka utaona vicheche vya buluu vinatambaa juu yake na kuzunguka kofia. Ule ni umeme usiofika kwenye plagi. Ukiongeza koili kali hapo unaongeza uvujaji. Kofia, rota (kile kinachozunguka ndani ya kofia) na waya mpya kwanza.

Fundi, Mikindani

Nakubali kofia na waya, na vyuma navisafisha kila ninapofungua. Ila umeruka bushi inayoshika shafti. Shafti ya distributa ikishalegea, mwanya wa pointi unabadilika kila inapozunguka, silinda moja inawahi nyingine inachelewa. Kuchongesha bushi mpya kwa fundi wa kuchonga vyuma ni kazi, na si kila fundi atakurudishia shafti imenyooka. Sensa ya sumaku inavumilia ule ulegevu kuliko pointi. Kwa distributa iliyochoka naona moduli ni lazima.

Na wewe wa Newala: waliokufungia walikuachia bati la zamani la pointi? Mimi mteja haondoki bila kurudishiwa bati lake, pointi zimeshapimwa, na kondensa iliyowahi kufanya kazi. Na wengi hawaambiwi kwamba baadhi ya moduli zinaungua ukiacha swichi wazi injini imezima. Ukikaa unasikiliza redio hivyo, unaipika.

Dereva, Newala

Bati sikupewa. Na redio ndiyo nilikuwa naisikiliza hivyo hivyo, swichi wazi, nikisubiri kupakia. Hilo la kuungua hakuna aliyeniambia. Lakini fundi, nikirudisha bati porini, taimingi si itakuwa imehama?

Fundi, Mikindani

Itahama kidogo. Weka alama mbili kwa patasi kwenye shingo ya distributa, moja ya moduli, moja ya pointi, tukiwa tumeshapima zote gereji. Njiani unalegeza nati, unazungusha mpaka alama, unakaza.

Mleta mada

Kwa distributa iliyochoka na mteja anayepewa bati lake na alama zake, sina ugomvi. Kwa yenye shafti nzima bado nasema pointi, na hela ya moduli iende kwenye kofia, waya na kikombe cha vakyumu. Hapo fundi hatujakubaliana, na ningependa kusikia wa Nachingwea na Kilwa wanaoendesha haya magari kila siku wanasemaje.