Likoma kuna aliyewahi kufika?

mtembezi_kimya
Habari wadau. Nipo Mbeya, mwezi wa saba napata likizo siku nne, nataka nivuke mpaka wa Kasumulu niende Likoma, kile kisiwa cha Malawi kwenye Ziwa Nyasa ambacho kiko upande wa Msumbiji kabisa. Lengo ni lile kanisa la Mtakatifu Petro. Siku nne zinatosha au najidanganya? Na ukishaliona kanisa kuna kingine au ndo unakaa unaangalia maji?

babu_wa_ziwa
Unajidanganya mkuu. Mpaka uifikie Nkhata Bay, bandari ya kupandia meli huko Malawi, siku imeisha, halafu meli kubwa, Ilala, enzi naenda mimi ilikuwa inazunguka ziwa mara moja kwa wiki, ikishakushusha ndo mpaka igeuze. Na mwezi wa saba ni mwera huo, ule upepo mkali. Mi nilivuka na boti la mizigo tukalowa wote, mbuzi wanatetemeka, mama mmoja kaanza kuimba nyimbo za msiba na hakuna aliyemnyamazisha.

mzaramo_mtoro
Mi nilienda kwa ajili ya kanisa tu na sijuti. Limeanza kujengwa 1903, likawekwa wakfu 1911, na kisiwa chenyewe ni kama kilomita za mraba 18 tu, sasa unakuja zako na kanjia ka mchanga, mibuyu, miembe, kuku, ghafla ukuta wa mawe huo unaziba mbingu. Nilimkuta mzee anafagia ndani, rangi za vioo vya madirisha zinamwangukia mgongoni, hana habari.

Kama umewahi kufika kanisa la Mkunazini kule Zanzibar utashtuka, maana wamishenari ni walewale, UMCA, wale Waanglikana wa Uingereza. Mkunazini lilisimamishwa palipokuwa soko la watumwa, na hapa mahali panaitwa Chipyela, yaani pa kuchomea, ndipo walipokuwa wanachomwa watu waliosingiziwa uchawi. Hata msalaba wanakwambia umechongwa kwenye ule mti wa Chitambo kule Zambia, ulipozikwa moyo wa Livingstone, na Zanzibar wanakwambia hivyohivyo. Mti ulikuwa mnene inaelekea 😂

dada_K
Angalieni saa jamani!! Kule wako nyuma lisaa limoja na hawahesabu kama sisi. Niliambiwa ibada sikisi koloko, nikajua saa sita, nimejipamba na kitenge changu nafika jua la utosi, kanisa kimya, watoto wananiangalia tu. Kumbe yao ni asubuhi, huku kwetu saa moja. Ila nenda Jumapili nyingine uwasikie wanavyoimba, lile jengo linarudisha sauti mpaka mwili unasisimka.

mtembezi_kimya
Nimecheka dada pole. Babu shikamoo, basi nahamishia mwezi wa kumi. Niombe siku ngapi kazini?

babu_wa_ziwa
Marahaba. Omba kumi. Beba kwacha taslimu, na mfuko wa nailoni wa kuivalisha simu. Nilipoenda mimi meli ilitia nanga mbali, ukashuka na kiboti, begi kichwani na viatu shingoni.