Mnaowaambia wanaoanza "weka tu global" mnawaharibu, acheni!

Wakuu nimechoka, leo naongea. Kila anayeanza lugha ya programu ya Python akileta ile UnboundLocalError (kosa la kusoma kigeu, yaani jina linaloshika thamani, kabla hakijapewa thamani ndani ya fanksheni, kile kipande cha kodi unachokiita kwa jina), jibu la kwanza ni "andika global mwanzoni mwa fanksheni, itakubali", yaani neno linaloiruhusu fanksheni ibadili kigeu cha nje yake. Kweli inakubali, kosa linapotea, mtu anashukuru anaondoka, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza hiyo fanksheni inatafuta nini kwenye kigeu cha nje mpaka ikibadilishe.

Lile kosa halijaja kumkomoa mtu. Python ikikuta jina linapewa thamani popote ndani ya fanksheni inalihesabu ni la humohumo ndani, sasa ukilisoma kabla hujalipa thamani lazima ilalamike. Ni ulinzi ule, nyinyi mnamfundisha mtu kuuzima!

Angalieni hii, nimeirithi kwenye mradi, nimebadili majina tu:

punguzo = 0

def bei_ya_mwisho(bei):
    global punguzo
    if bei > 1000:
        punguzo = 10
    return bei - bei * punguzo / 100

Haya fuateni. Iite kwa 500, unapata 500.0, safi. Iite kwa 2000, unapata 1800.0, safi. Rudia 500 ileile: 450.0!! Mteja wa pili kapewa punguzo, likabaki huko nje, wa tatu kalikuta na yeye kajichukulia. Na ubaya ni kwamba ukiitesti peke yake inapita, ukizirusha testi zote pamoja inafeli, ukibadili mpangilio inapita tena, watu wanakesha wanalaumu databesi kumbe mchawi ni ule mstari wa global.

Dawa yake wala sio kubwa, futa global, andika humohumo ndani punguzo = 10 if bei > 1000 else 0, basi. Fanksheni inachohitaji ipewe kwenye mabano, ilichopata ikirudishe kwa return, anayeiita ndiye aamue anakiweka wapi. Vikiwa vingi na vinakwenda pamoja, tengeneza klasi (kifurushi kimoja cha data na fanksheni zake) uviweke humo, angalau itajulikana nani anavigusa.

Halafu atakuja mjanja aseme yeye neno global hatumii kabisa, ukifungua kodi yake imejaa oda.append() kwenye listi iliyo nje, na hapo Python haikudai neno lolote kwa sababu jina halijapewa thamani mpya, kilichobadilika ni cha ndani ya listi. Kwangu hiyo ni mbaya zaidi maana hata ukisachi global kwenye faili zima huioni. Lugha ya JavaScript nako ukisahau let au const, maneno ya kutangaza kigeu, kigeu kinajizalia globali (cha programu nzima) kimyakimya, na "use strict" ya kuzuia hilo ipo tangu 2009, watu hawaiweki! Lugha ya PHP angalau imekaza, cha nje hakionekani ndani mpaka ukitaje, ila bado utakuta mtu kapanga global $a, $b, $c, $d mstari mzima.

Kwenye thredi, yaani sehemu za programu zinazokwenda kwa wakati mmoja, ndio balaa lenyewe. idadi += 1 ni kusoma, kuongeza, kisha kuandika, kwa hiyo thredi mbili zikiwahi kusoma 7 kwa pamoja zote zinaandika 8, hesabu moja imeyeyuka na kwenye logi (kumbukumbu za programu) hamna kitu.

Na haya hayajaanza jana, wanasayansi wa kompyuta William Wulf na Mary Shaw waliandika kuhusu madhara ya globali mwaka 1973. Elfu moja mia tisa sabini na tatu jamani!

Sijasema globali zote zifutwe, msinilishe maneno. MAJARIBIO_MAX = 5 kwa herufi kubwa, juu ya faili, hakuna anayeibadili, hiyo someni mtakavyo. Ninachokataa ni fanksheni inayojiita bei_ya_mwisho huku inaandika vitu vya nje ambavyo anayeiita havioni.

Mtu akileta lile kosa tena, mwombeni alete fanksheni nzima na sehemu anapoiita, muulizeni nani mwingine anakigusa hicho kigeu, ndipo mumjibu. Na anayebisha kwamba "global haina shida ukijua unachofanya", aweke kodi yake hapa chini, nzima, tuiite mara mbili kwa namba ileile tuone inajibu nini.